Sentimita Tano kutoka Kitale

Makongeni, Thika
4 Februari 2024

Kwa dada yangu Beth,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Kalondu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, ambalo mnajuana nalo.

Barua nimempa Njambi wa kanisa lenu, kwa sababu kila Jumatatu anakuja Thika kuchukua viatu vya mitumba na jioni anarudi Ruiru. Amekubali kuwa posta. Simu zangu hupokei. Nilipiga Krismasi, nikapiga mwaka mpya, kisha nikapiga kwa laini ya jirani yangu Gachanja. Ukapokea, ukasikia ni mimi, ukakata. Siku tuliyomzika Mutie uliniambia mbele ya wazee kwamba mdomo wangu una mafuta, na nikiwa na neno niliandike, maana karatasi haina sauti tamu. Basi naandika. Imenichukua miezi mitatu na kalamu mbili.

Unanilaumu kwa ile ndege. Acha niseme upande wangu mara moja, kisha ninyamaze.

Alhamisi ile, tarehe kumi na mbili Oktoba, nilikuja kwako kukuambia kwamba kitinda mimba wetu Mutie amelazwa Lodwar na tumbo linamsumbua. Wewe ulikuwa unakata vitunguu vya sherehe. Ukaniuliza, "Ni mbali kiasi gani?" Nikafungua atlasi, ambayo mimi hutembea nayo kama mhubiri na Biblia. Kiwanja cha ndege cha Kitale hadi kile cha Lodwar ni sentimita tano. Kila sentimita ni kilomita hamsini. Ndege ndogo hula kilomita tano kwa dakika. Dakika hamsini. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi tangu tumzike na bado inatoka hivyo hivyo.

Nikakuambia: pokea mbuzi wa ndoa ya binti yako Kalondu Jumamosi, panda basi la usiku hadi Kitale, Jumapili asubuhi rukia ndege, na saa sita mchana utakuwa kando ya kitanda chake.

Nilikosea kitu kimoja. Sikuuliza ndege huruka siku gani. Ramani haina Jumapili.

Unajua hapa mtaani wananiita Rubani. Miaka ishirini na miwili nilikaa geti la kiwanda nikiandika malori, na kila dereva nilimuuliza ametoka wapi na amechukua saa ngapi. Huo ndio chuo nilichosoma. Kwenye ndege sijawahi kuingia, hata iliyosimama. Mtu akija kuniuliza umbali wa mahali, nasikia raha kiasi kwamba nasahau kumuuliza anaendea nini.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Kaka yako,
Maluki


Ruiru
19 Februari 2024

Maluki,

Mstari mmoja hautoshi matusi yangu, kwa hivyo nayaacha.

Unaandika vizuri. Nilijua utaandika vizuri. Ulipokuwa mdogo ulimweleza baba jinsi ng'ombe alivyopotea mpaka baba akakupa chai.

Sasa nikuambie ninachokiona mimi nikifumba macho. Naona kiwanja cha ndege cha Kitale, Jumapili, saa mbili asubuhi. Nimevaa gauni la sherehe kwa sababu sikupata nafasi ya kubadilisha, nanuka nyama ya kuchoma. Hakuna mtu. Kuna kondoo wanakula nyasi mahali ambapo ndege inafaa kukanyaga. Mlinzi mmoja, anaitwa Calvince, alinitazama kwa huruma akasema, "Mama, Jumapili hata ndege inaenda kanisa. Ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Nikauliza kama kuna nyingine. Akaniuliza, "Nyingine ya nani?" Hapo simu ikalia, na alikuwa nesi wa Lodwar. Nilikaa kwenye mawe yaliyopakwa chokaa. Calvince alinivulia koti lake la mvua nilikalie, na hata mvua haikuwepo.

Lakini Jumapili sikuulizi tena. Inayoninyima usingizi ni Alhamisi.

Ulipokuja ulinikuta na kisu mkononi. Nilisikia kwamba ndugu yangu amelazwa. Ungesema dakika hamsini au siku tatu, mimi ndiye niliyechagua. Tulikuwa tumeahirisha sherehe ya Kalondu mara mbili, wakwe zetu, watu wa Karanja, walikuwa wameanza kusema Wakamba hatutaki kuozesha, tunataka kuzungushana. Nikasema moyoni, mbuzi kwanza, Mutie ni kijana, atapona. Kama ningeacha vitunguu pale pale nikapanda basi usiku ule, Ijumaa ningekuwa kwenye ndege. Ningemkuta. Au nisingemkuta?

Nipigie hesabu hiyo. Wewe si ni Rubani? Nataka jibu, na sitaki mafuta.

Beth


Makongeni
25 Februari 2024

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nikiwa nimekaa.

Hesabu uliyoitaka ni hii. Nimetafuta mtu anayejua mambo ya kule, na ameniambia kwamba Ijumaa ile ya tarehe kumi na tatu ndege haikuruka. Kulikuwa na upepo wa mchanga upande wa Lodwar, mtu haoni hata mkono wake. Kwa hivyo hata ungeondoka Alhamisi usiku ungelala Kitale Ijumaa, ungelala Jumamosi, na Jumapili asubuhi ungekaa kwenye mawe yale yale. Kwa barabara pia sikushauri, mto ulikuwa umejaa.

Hukumnyima Mutie chochote. Ulipokea mbuzi wa binti yako, na hata Mutie angetaka hivyo. Wakati ule wa ntheo, mbuzi wa ndoa ya binti wa mjomba, nani alishinda na damu ya mbuzi mpaka kwenye nyusi? Si yeye?

Lala, Beth. Hesabu imefungwa.

Kaka yako,
Maluki


Ruiru
3 Machi 2024

Kaka,

Nimelala. Usiku wa juzi nililala mpaka Kalondu akaja kugonga akidhani nimekufa. Sijalala hivyo tangu Oktoba. Asante. Sikutarajia kwamba siku moja nitashukuru upepo.

Njambi atakupa mkebe, ni muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, na haujaiva sana kwa sababu gesi iliisha. Umalizie mwenyewe. Usimpe Gachanja wote.

Mwenye nyumba wa Mutie amepiga simu. Chumba kimepata mpangaji na vitu vyake bado viko ndani: spana zake za kufungulia pampu za visima, nguo, sijui nini. Nimeamua kwenda mwenyewe. Tarehe kumi na mbili nitapanda basi la usiku, Jumatano kumi na tatu nirukie ndege. Safari hii siku nimeuliza. Nikirudi nitapitia Thika, tukae tugawane vitu vyake kama watu wa mama mmoja.

Dada yako,
Beth


Makongeni
4 Machi 2024

Beth,

Nimempata Njambi akiwa tayari anafunga gunia, kwa hivyo naandika juu ya kiatu.

Usiende. Lodwar saa hizi ni tanuri, na wewe una presha. Nitaenda mimi. Mimi ndiye mkubwa, na vitu vya marehemu huchukuliwa na mkubwa, hata baba alisema. Goti limepona. Ama tumwambie mwenye nyumba aviweke kwenye gunia avipakie kwenye lori, madereva wa kule nawajua.

Na ndege zenyewe ni ndogo, Beth. Utaumwa na masikio. Na watu wa kule watakuchosha na hadithi. Kila mtu aliyemwona Mutie hata mara moja atataka kukueleza. Maneno ya watu wa mbali usiyaweke moyoni.

Muthokoi ulikuwa mzuri. Nilimpa Gachanja kijiko kimoja.

Nijibu kabla hujakata tiketi.

Maluki


Ruiru
21 Machi 2024

Maluki,

Barua yako Njambi aliniletea nikiwa na tiketi mfukoni. Nilicheka. Nikasema, kaka yangu ananihurumia.

Kitale nilimkuta Calvince yule yule. Alinikumbuka. Nikamwambia, bila nia yoyote, kwamba nimekuja kusalimia upepo ulioniokoa. Akasema, "Upepo gani?" Nikamweleza. Akaingia kwenye kibanda akatoka na daftari ambamo huandika kila ndege inayotua, maana kazi yake ya kwanza ni kufukuza kondoo na lazima ajue saa. Akafungua Ijumaa, tarehe kumi na tatu Oktoba. Ilitua saa nne na robo. Iliruka saa tano kasoro dakika kumi. Abiria sita, viti vitatu vitupu. Mbele yake ameandika, hali ya hewa: nzuri.

Sikuwa nimekasirika bado. Nilisema moyoni, amenidanganya ili nilale. Huo ni uongo wa ndugu, nitamsamehe njiani.

Tuliruka. Ilichukua dakika hamsini na tano, kwa hivyo ulikosea dakika tano. Masikio hayakuniuma.

Chumba cha Mutie kiko nyuma ya hoteli ndogo. Mpishi wa hoteli hiyo ni Mkamba mwenzetu, Syombua, mtu wa Masinga. Ndiye aliyekuwa akimpelekea uji hospitalini. Alinikaribisha chai, kisha akaniuliza, "Wewe ndiye dada? Mbona hukuja Jumatano?"

Nikamwambia mimi nilipata habari Alhamisi jioni.

Akaweka kikombe chini. Akasema, "Mama, Jumanne tulipiga simu. Mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni, mikono yake ilikuwa na maji ya sindano. Daktari alitaka apelekwe Eldoret kupasuliwa, na alitaka mtu wa ukoo aje kutia sahihi na kumsindikiza. Alimpigia kaka mkubwa mara tatu."

Jumanne, Maluki. Tarehe kumi. Wewe ulikuja kwangu Alhamisi, ukakaa kwenye kigoda, ukasema tumbo linamsumbua.

Ndani ya bahasha kuna karatasi. Ilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, amebandika kwa gundi ya pampu, nikaitoa na rangi ya ukuta. Ni mwandiko wako. Ulimpa alipopata kazi ile na mama akalia kwamba mtoto anaenda mwisho wa dunia. Umechora mstari kwa rula. Thika hadi Lodwar, kilomita 487. Chini umeandika, "Si mbali. Ukiniita nitafika siku hiyo hiyo."

Sikuulizi kama ni kweli kwamba alipiga. Nakuuliza ulimjibu nini mara ya tatu, maana Syombua anasema baada ya ile hakutaka kupiga tena, kwako wala kwangu.

Beth


Makongeni
15 Aprili 2024

Beth,

Njambi amekuja Jumatatu tatu akarudi mikono mitupu. Leo amesema nisipompa kitu atakuambia nimekufa, ili angalau uje matanga.

Mara ya kwanza alipiga saa tatu asubuhi. Nilikuwa kwa fundi, najaribu koti. Nilimwambia pole, nitakupigia. Sikupiga.

Mara ya pili ilikuwa saa saba. Akanieleza mambo ya Eldoret na sahihi. Nikamwambia nitaongea na Beth. Nilikuwa nimeamua tayari kwamba sitaongea na Beth.

Acha nikueleze koti, kwa sababu bila koti utadhani nilikuwa na sababu kubwa. Mume wako alipoondoka duniani, mimi nikawa baba wa Kalondu kwa mambo ya mila. Ningekaa kiti cha katikati. Watu wa Karanja wangesimama mbele yangu na mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwetu bila wao binti hajaolewa hata akizaa kumi, na mimi ndiye ningesema, "Fungueni kamba." Maisha yangu yote nimekaa getini nikifungulia watu wengine njia. Hakuna siku niliyokaa katikati. Na unajua sheria ya baba yetu: mbuzi hawapokelewi nyumba iliyopata habari ya ugonjwa wa hatari, mpaka mgonjwa ainuke ama azikwe. Tulikuwa tumeahirisha mara mbili. Nikasema, habari ikifika Jumanne, sherehe imekufa. Habari isipofika, haijafika. Nilifikiria hivyo kama mwanasheria. Hata nilijisifu.

Ningeweza kwenda mwenyewe. Hilo hujaniuliza, lakini karatasi imeuliza. Jumanne usiku kuna basi. Jumatano kuna ndege. Nilipima. Nilifungua atlasi nikapima kwa rula, ningefika Jumatano saa sita mchana. Kisha nikaona sitaweza kurudi kabla ya Jumamosi, nikafunga kitabu.

Alhamisi moyo ulikataa, nikaja kwako. Nilikuja nikitaka kusema yote. Nikakuta unakata vitunguu unaimba, na Kalondu anapiga pasi kitambaa cha kiti changu. Nikasema nusu, tumbo tu. Uliponiuliza ni mbali kiasi gani nilishukuru Mungu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo najua kulijibu.

Upepo ule niliuvumisha mimi. Na mto niliujaza mimi. Uliniuliza kama wewe ndiye uliyemwacha, na nikaona nikisema ukweli kuhusu Ijumaa utaumia, na nikisema ukweli kuhusu Jumanne nitaumia mimi. Nikachagua hali ya hewa.

Sasa mara ya tatu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Sauti ilikuwa imepungua. Hakusema habari ya Eldoret. Alisema, "Kaka, utakuja?" Nikamwambia, "Mutie, mbona unaharakisha mambo? Tuna mbuzi Jumamosi. Kutoka Kitale ni dakika hamsini tu, si mbali. Vumilia Jumamosi ipite."

Akacheka, Beth. Unajua anavyocheka kwa pua. Akasema, "Sawa, Rubani."

Ndilo neno la mwisho. Wewe unalala au hulali kwa sababu ya Alhamisi, na Alhamisi haikuwa yako. Nilikupa siku ambayo ilikuwa imeharibika tayari. Angesindikizwa Jumatano pengine angekuwa hai. Mimi si daktari, lakini sitajificha nyuma ya hilo neno pengine.

Sikuombi kitu.

Maluki


Ruiru
2 Juni 2024

Maluki,

Nimechelewa kujibu. Kila nikianza nilikuwa naandika jina lako tu.

Kalondu sijamwambia. Hao mbuzi wake walifunguliwa kamba na mtu aliyejua, na sijui binti afanyeje na habari kama hiyo. Amebeba mimba. Nitaibeba mimi hii nyingine.

Niliuza cherehani moja nikamlipia Syombua nauli, alikuja kunitembelea wiki mbili. Alinieleza Mutie alivyokuwa. Kumbe alikuwa akiimba kwenye visima, akiinamia shimo ili sauti imrudie. Wewe ulijua?

Harusi ya kanisa ni Jumamosi, tarehe kumi Agosti, hapa Ruiru, saa nne. Kalondu anataka uwepo na ananiuliza kila siku kwa nini sijakuandikia. Atakayemsindikiza binti ni binamu yetu Nzioka. Nimemwambia Kalondu kwamba goti lako halitaki kutembea polepole kanisani. Nimejifunza uongo mzuri kwa mwalimu mzuri.

Unaweza kuja. Sitakufukuza na sitakusalimia kwa mkono, usininyooshee mbele ya watu. Kiti chako kitakuwa safu ya mwisho, karibu na mlango. Usilale kwangu.

Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakuambia mwenyewe, usiniulize ni lini.

Lile koti usilivae.

Beth


Makongeni
28 Julai 2024

Dada yangu,

Nimesikia yote, na safu ya mwisho ni mahali pazuri. Nimezoea milango.

Habari ya koti. Wiki iliyopita Gachanja alikuja kwangu mbio, kandambili mguu mmoja. Baba yake yuko Mpeketoni, kule Lamu, wamemlaza, amekataa kula. Akasimama hapo mlangoni akasema, "Rubani, hebu nipimie. Nikirukia ndege uwanja wa Wilson hadi Lamu ni mbali kiasi gani? Kwa sababu nikimaliza kuvuna mahindi Jumatano naweza..."

Atlasi ilikuwa mezani. Rula ilikuwa ndani yake. Nikamwambia, "Sijui."

Akanitazama kama mtu aliyekuta kanisa limefungwa. "Hujui vipi? Si ni hiki kitabu?"

Nikamwambia, "Gachanja, ondoka sasa. Mahindi nitayavuna mimi." Akaanza kubishana kuhusu goti langu. Akasema hana hata nguo nzito ya usiku. Nikamvalisha koti mabegani, nikamsukuma mpaka barabarani, na watu wa bodaboda wakadhani tunapigana.

Alipiga simu kesho yake. Alimkuta mzee ameketi anakunywa uji, anamtukana nesi kwamba hauna chumvi. Alicheka mpaka akalia. Koti bado analo na sijaliulizia. Mahindi nimevuna mistari minne na nusu. Ya wiki hii itakuwa miwili.

Karatasi ya Mutie nimeibandika juu ya kitanda changu. Rangi ya ukuta wa Lodwar bado iko nyuma yake, ni ya kijani. Hapana, sikujua kwamba alikuwa akiimba kwenye visima. Ukipata nafasi, muulize Syombua zilikuwa nyimbo gani. Si lazima uniandikie. Mwambie Njambi tu.

Thika hadi Ruiru, kwa mstari, ni kilomita kumi na saba na nusu. Kama kungekuwa na ndege ingekuwa dakika tatu na nusu. Nilipima zamani, kabla ya haya yote, wakati ambapo hata kwa miguu nilikuwa siji.

Njambi amenipa nafasi ya kulala kwenye chumba chake cha viatu huko Ruiru.

Harusi ni Jumamosi saa nne. Mimi nitaondoka hapa Ijumaa asubuhi.

Maluki